Daktari wa Ng'ombe Tu

Wanaume wa bonde letu walimpa Gunnvor Haugsbakk jina kabla hata hajafungua masanduku yake: daktari wa ng'ombe tu. Sumu ilikuwa kwenye hilo "tu". Kwetu ng'ombe ni kazi ya wanawake. Mwanamke ndiye anayeamka giza halijatoka, anafunga kitambaa kichwani ili nywele zisinuke banda, anakamua, anazoa kinyesi, anazalisha, anahangaika na ndama anayeharisha. Mwanamume akionekana amekalia kigoda na ndoo katikati ya magoti, atasemwa mpaka kaburini. Kuna mmoja ng'ambo ya mto aliyemkamulia mkewe aliyevunjika mkono, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa watu wa Chuchu. Wa mwanamume ni farasi. Farasi anavuta magogo, analima, anawapeleka watu kanisani, na mwenye farasi mzuri husamehewa mengine yote, hata upumbavu.

Kwa hiyo walipomwita daktari wa ng'ombe tu, walikuwa wanamwambia hivi: umekwenda Copenhagen, umekalia vitabu miaka yote hiyo, umerudi na cheti chenye mhuri, na bado wewe ni mkamuaji. Gunnvor alilielewa tusi hilo vizuri sana. Hasira iliyompanda siku hiyo hakuishusha, na mimi sioni kwa nini angeishusha.

Sehemu ya hasira hiyo alikuja nayo kutoka kwao. Mama yake, Torbjørg, ndiye aliyeitwa na wanawake wa mashamba yote ya jirani ng'ombe akishindwa kuzaa. Alikunja mkono wa gauni, akajipaka sabuni, akaingiza mkono mpaka begani na kumgeuza ndama aliyekaa vibaya, huku jasho likimtoka na ng'ombe akimminya mkono karibu kuuvunja. Ndama akitoka, Torbjørg alipewa kikombe cha kahawa jikoni, akakinywa amesimama. Akija daktari wa mifugo kutoka mjini, mwanamume mwenye mkoba, alifanya yaleyale, kisha akaketishwa sebuleni, akamiminiwa kinywaji, na mwenye shamba akamvulia kofia. Gunnvor aliyaona hayo yote akiwa binti mdogo wa kushika taa, na yakamkaa kooni.

"Ina maana unakwenda ng'ambo kusomea kazi yangu?" mama yake alimuuliza siku anafunga mizigo.

"Nakwenda kuisomea ili iwe na jina, mama. Na nikiifanya wanivulie kofia."

Torbjørg akacheka mpaka akashika meza. "Kofia! Ngoja hiyo kofia, mwanangu. Utaota mvi."

Gunnvor alikuja kwetu majira ya vuli, mwaka wa 1936. Halmashauri haikumchukua kwa mapenzi. Ilimchukua kwa sababu hakuna daktari mwanamume aliyelitaka bonde letu, barabara yake mbovu na nyumba yake inayovuja. Wakampa kazi kwa majaribio, barafu ya mto ikiyeyuka wangekaa kikao waamue abaki au aende zake. Na kila mtu alijua kwamba daktari asiyeitwa kwa farasi hawezi kudumu kwetu, kwa sababu wanaopiga kura kwenye halmashauri ni wenye farasi.

Basi walimwita, lakini walimwita kwa mlango wa jikoni. Alipigiwa simu na wanawake, akapokewa na wanawake, akashukuriwa na wanawake. Waume walipita uani wakijitia hamnazo, kana kwamba yule mtu mwenye koti la ngozi na mkoba ni muuza sindano. Farasi akichechemea, walimpigia simu Daktari Ulsrud wa bonde la pili. Ulsrud alikuwa mzee, nyonga yake mbovu, na ili afike ilibidi avuke mlima mzima. Lakini alikuwa na masharubu, na masharubu yalitosha.

Siku moja ya Januari Gunnvor aliitwa Brekke, shamba la Tarjei Brekke, ambaye mwenyewe alikuwa mjumbe wa halmashauri. Mke wake, Aslaug, alimpokea akiwa hana rangi usoni. Ng'ombe wake bora, Fagerlin, alikuwa amezaa jana yake, na sasa alikuwa amelala chini, shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio baridi, macho yanatazama na hayaoni.

"Anakufa, daktari?"

"Hafi. Ni homa ya maziwa. Maziwa yamemnyang'anya madini yote ya chokaa mwilini. Shika kichwa hapa, dada, usimwachie."

Akatafuta mshipa wa shingo, akaingiza sindano, akaiachia dawa iende taratibu huku sikio lake likiwa kwenye moyo wa mnyama. Baada ya kitambo Fagerlin akatetemeka, akacheua kwa kishindo, akanyanyua kichwa, na kabla Aslaug hajamaliza kujifuta machozi akawa amesimama kwa miguu yake minne, anatafuta nyasi. Aslaug akamkumbatia ng'ombe, kisha akamkumbatia daktari, na wote wawili wakacheka. Gunnvor alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo aliposikia kishindo kutoka upande wa pili wa ua. Kikaja kingine, cha kwato zinazopiga ubao.

"Nini hicho?"

Aslaug akaangalia chini. "Ni Borka, farasi wa Tarjei. Tangu asubuhi analala, anaamka, anageuka kuliangalia tumbo lake. Tarjei amempigia simu Daktari Ulsrud."

"Amempigia Ulsrud? Na mimi niko hapa, ndani ya shamba lake?"

"Najua, daktari."

"Anajua kuwa niko hapa?"

"Alikuona unaingia."

Gunnvor alivuka ua bila kujifuta mikono, na maji yakaanza kuganda vidoleni. Tarjei alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda la farasi, jitu la mtu, mabega yamejaa mlango mzima. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake kulikuwa na giza, na mnyama anagumia.

"Mzee Tarjei, nipishe nimwone."

"Ng'ombe kapona?"

"Kapona."

"Basi asante. Aslaug atakupa kahawa."

"Sikufuata kahawa. Farasi wako ana msokoto wa tumbo, namsikia toka kule. Mrija ninao. Nampitishia puani mpaka tumboni, hewa inatoka, anapumua. Ukimwacha, tumbo litapasuka."

"Ulsrud anakuja."

"Na theluji hii? Atafika lini?"

"Kesho."

"Kesho atamkuta nani?"

Tarjei akashusha pumzi kama mtu anayevumilia mtoto msumbufu. "Sikiliza, binti. Babu yangu hakuruhusu mwanamke apite mlango huu, na baba yangu pia. Mwanamke akiingia kwa farasi, farasi anaishiwa nguvu. Mambo ya kike mwisho wake kule." Akaelekeza kidole banda la ng'ombe.

"Mambo ya kike? Huyo farasi wako mwenyewe ni jike!"

Aslaug, aliyekuwa amesimama kwenye theluji nyuma yao, alitoa sauti ambayo aliigeuza haraka kuwa kikohozi. Uso wa Tarjei ukaiva. Akarudi ndani, akaufunga mlango, na Gunnvor akasikia komeo likiingia mahali pake.

Aliugonga mlango ule kwa ngumi. Aligonga, akabembeleza, akatukana, akabembeleza tena. Alimwambia kupitia ubaoni asimwache farasi ajibingirishe, amtembeze, amfunike blanketi. Alimwambia atampa mrija auingize mwenyewe, na yeye Gunnvor atamwelekeza kwa mdomo akiwa nje, bila kuugusa mlango. Komeo halikusogea. Akakaa juu ya rundo la kuni, mkoba magotini, amekataa kahawa, amekataa kuingia ndani, mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya mlima na vishindo vikawa vinakuja kwa nafasi, kisha havikuja kabisa. Aslaug akamwekea mkono begani. Ukimya wa namna ile wote wawili waliujua.

Mtu akiniambia Tarjei hakumpenda farasi wake, nitambishia. Alimpenda, pengine kuliko alivyompenda mkewe, na mle ndani alilia. Bado alimwacha afe mikononi mwake, kwa maumivu, kuliko wanaume wenzake wasikie kwamba mwanamke alimponya. Hapo ndipo mimi ninaposhindwa kumwelewa, na sijitahidi.

Ulsrud alifika kesho yake, nyonga inamuuma, masharubu yamejaa barafu. Akamtazama farasi aliyekauka. Gunnvor alikuwa amerudi shambani kwa makusudi, akamweleza yote: mrija, mlango, komeo. Mzee yule akamsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mjinga wala katili. Kisha akamtazama Tarjei, mteja wake wa miaka mingi, akasema, "Tumbo la farasi ni bahati nasibu," akaingia sebuleni kunywa kahawa. Gunnvor aliniambia baadaye kwamba siku ile alimchukia Ulsrud kuliko Tarjei. Tarjei alikuwa hajui. Ulsrud alijua, akanyamaza.

Na haikuishia hapo. Kabla barafu haijaanza kulainika, Tarjei akapeleka malalamiko kwa halmashauri: daktari alikuwepo Brekke kutwa nzima, mkoba mkononi, na farasi akafa. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu. Habari ikazunguka bonde zima. Hata wale waliokuwa wameanza kumwamkia Gunnvor barabarani wakaanza kuangalia viatu vyao. Kikao cha kuamua kazi yake kikapangwa, na lalamiko hilo likawekwa mbele ya mambo yote.

Gunnvor alikutana na Aslaug dukani, kwenye pembe ya unga.

"Dada Aslaug, uliona kila kitu. Njoo useme."

"Kikao ni saa ya kukamua jioni."

"Kihamishwe basi."

"Vikao vyote ni saa ya kukamua," Aslaug akasema, kama mtu anayesema nje kuna theluji. "Wao saa hiyo hawana kazi. Umewahi kumwona mwanamke kwenye kikao?"

Gunnvor hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Lilipomwingia, damu ilimchemka, na kwa bahati mbaya aliyekuwa mbele yake ni Aslaug. "Kwa hiyo utakamua! Nifukuzwe kwa uongo wa mume wako, wewe unakamua!"

"Usinipigie kelele, daktari." Sauti ya Aslaug ilikuwa ya chini na yenyewe ina hasira yake. "Wewe wakikufukuza utapanda treni na cheti chako. Mimi nikimvua nguo mume wangu mbele ya watu, nalala wapi?"

Akachukua unga wake akatoka. Gunnvor alibaki pale anaona aibu, kwa sababu yule mwanamke alikuwa amesema kweli.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa moshi wa kiko na harufu ya soksi za sufu zilizolowa. Mwenyekiti alikuwa Embrik Lunde, mtu wa kusafisha koo kabla ya kila neno. Walimweka Gunnvor kwenye kiti peke yake, wao wakakaa nyuma ya meza.

"Siku hiyo ulikuwepo Brekke?"

"Nilikuwepo."

"Na farasi alikufa?"

"Alikufa kwa sababu nilifungiwa mlango. Nilitaka kumtibu, nikafungiwa kwa komeo."

Embrik akasafisha koo. "Tarjei?"

Tarjei alikuwa anakuna meza kwa kucha. "Sikumfungia mtu. Nilimwambia asubiri kidogo, nimtulize mnyama kwanza. Akanuna, akaenda kukaa kwenye kuni. Wanawake mnawajua."

Wakatabasamu, maana wanawake wanawajua. Gunnvor alisimama, akaeleza tena, na kadiri alivyopandisha sauti ndivyo walivyozidi kutabasamu. Aliona wazi kwamba mambo yamekwisha. Akawa anawaza nani atamfungia masanduku, mlango ulipofunguliwa na baridi ikaingia pamoja na harufu ya banda.

Alikuwa Aslaug. Alikuwa na kitambaa chake cha kukamulia kichwani na viatu vyake vya kinyesi, na hakuvipangusa.

"Mama Aslaug," Embrik akasema, "hiki ni kikao."

"Naona. Nilikuwa sijawahi kukiona." Akasimama katikati ya sakafu. "Mume wangu anadanganya. Alifunga mlango, na komeo nililisikia kwa masikio yangu. Daktari aligonga mpaka mikono ikachubuka. Alimwambia atampa mrija auingize mwenyewe, hata hilo akakataa. Farasi alikufa polepole na daktari amekaa nje kwenye baridi. Nimemaliza."

Hakuna aliyevuta kiko. Wote wakamgeukia Tarjei. Naye, aliyetolewa nishai mbele ya wenzake wote, hakusema mke wangu mwongo, hakusema samahani. Jamani, alichosema ni hiki:

"Nani anakamua?"

"Hakuna," Aslaug akajibu. "Wamejaa, wanalia. Fungua dirisha usikie."

Mtu mmoja akalifungua kweli. Brekke iko juu tu ya ukumbi ule, na sauti ilishuka nayo ikiwa wazi, ng'ombe wa banda zima wakiita.

Gunnvor angependa kukaa palepale aifaidi sauti ile. Alikuwa na haki ya kuifaidi. Lakini mikono yake ilikuwa tayari inavijua vile viwele, vimekaza, vya moto, na kesho usaha ndani ya maziwa. Ng'ombe hawakuwa wamemkosea kitu. Hilo nalo lilimkasirisha, kwamba hata ushindi wake lazima auache uende kukamuliwa.

"Mzee Tarjei," akasema, "mpaka halmashauri iseme vingine, mimi ndiye daktari wa mifugo hapa, na sheria inanipa uwezo wa kuamuru mnyama asiteswe. Nakuamuru. Nenda kakamue."

"Mimi?"

"Ng'ombe si wako?"

"Wangu, lakini Aslaug—"

"Aslaug ni shahidi. Shahidi haondoki kikao hakijafungwa."

Wakapasuka kwa kicheko, wajumbe wote, wakipiga meza, mmoja akiita "Chuchu!" kutoka nyuma. Gunnvor akawageukia. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona macho kama yale.

"Mnacheka nini nyie? Anayejua kukamua asimame aende kumsaidia. Haya! Mmekula siagi ya mikono ya mama zenu na wake zenu tangu mmezaliwa. Nani anajua? Mmoja tu!"

Kila mtu akawa anaangalia kiko chake. Embrik, masikio yamewaka, akasema kwa sauti ndogo, "Nenda, Tarjei," na Tarjei akachukua kofia yake akatoka. Aslaug akavuta kiti cha mumewe, akakikalia.

Kura ikapigwa haraka. Mikono ilipanda mmoja baada ya mwingine, na sitawapamba: haikupandishwa na haki, ilipandishwa na hofu ya kwamba wake wengine nao wangeingia. Gunnvor akathibitishwa kazini. Wakati wanavaa makoti, Embrik akamsogelea, akasafisha koo, akasema farasi wake ana kwato inayomsumbua, kama siku moja atapita pita kule.

"Nipigie simu," Gunnvor akamjibu. "Mwenyewe, sio mkeo. Na nitaingilia mlango wa mbele."

Alimwacha Aslaug ukumbini, viko vinamzunguka, anakunywa kahawa aliyomiminiwa na mwanamume, bila haraka yoyote. Yeye akapanda Brekke.

Alimkuta Tarjei bandani, amekalia kigoda cha mkewe kilichopotea chini ya matako yake, paji la uso limeegemea ubavu wa Fagerlin. Ndani ya ndoo kulikuwa na maziwa ya kulowesha chini tu. Nyingine ilikuwa imepinduliwa. Ng'ombe walikuwa wanapiga teke na kulia.

"Hayatoki," Tarjei akasema bila kugeuka. "Navuta, hayatoki."

"Chuchu hazivutwi. Zinabanwa, kuanzia juu, kidole baada ya kidole."

Angeweza kuondoka. Alitamani sana kuondoka. Akachukua kigoda cha pili, akakaa kwa ng'ombe wa jirani, na maziwa yakaanza kugonga ndoo kwa nguvu. Tarjei akamtazama mikono, akajaribu kuiga. Baada ya muda na kwake yakaanza kutoka, kidogo kidogo. Wakakamua hivyo mpaka kelele zikapungua bandani.

"Daktari," Tarjei akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. "Ule mrija. Ungempitishia, Borka angepona?"

Gunnvor alijua jibu la huruma, na alijua jibu la kumchoma. Yote mawili yalikuwa kwenye ulimi. Lakini alikuwa daktari, na daktari hasemi juu ya mnyama ambaye hakumgusa.

"Sijui," akasema. "Hukunifungulia nimwone. Kwa hiyo mimi sitajua, na wewe hutajua mpaka unaingia kaburini."

Tarjei aliacha mikono ianguke magotini. Gunnvor akanyanyua ndoo yake, akasogeza kigoda kwa ng'ombe aliyefuata.

"Kamua," akamwambia. "Bado wapo wengi."